Breki ya Mwalimu

Nimefundisha wengi kuendesha gari, na kila mtu ana kero zake, lakini yule nesi aliniletea kero ya mumewe. Bwana huyo hakukosa somo. Alikaa kiti cha nyuma, chupa ya maji ya mkewe mapajani, na kila nesi alipobadilisha gia, "Taratibu, mpenzi! Utaumia!" Gari linazima. Wanafunzi wengine walimwonea wivu: hivi ndivyo mtu anavyopendwa! Mimi nilikuwa nachemka moyoni.

Shida ya nesi ilikuwa moja. Mama yake mgonjwa alikaa upande wa pili wa mji, na kumwona kulitegemea mume apate nafasi. Nafasi yenyewe haikupatikana.

Siku ya kuamua kama anafaa kwenda kwenye mtihani, mume alinivuta kando.

"Mwalimu, nakuomba. Mwambie bado hajaiva."

"Kwa nini?"

Machozi yakamlenga. "Akijua kuendesha, mimi nitakuwa na kazi gani kwake?"

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, nikaishiwa nguvu. Jitu zima, na hofu ya mtoto anayeachwa shuleni. Nilimhurumia, kweli. Lakini kumdanganya mwanafunzi wangu, hapana.

"Leo kaa wewe kiti changu," nikamwambia. "Miguuni kuna breki ya mwalimu. Ukiona hatari, kanyaga."

Mimi nikaenda nyuma. Nesi akawasha, akaingiza gia. Gari likatetemeka, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Uwanja mtupu, hata kuku hakuna. Nesi akainama, akatazama miguuni mwa mumewe.

"Baba watoto, hatari iko wapi?"

Mume akajifanya kutazama nje, mguu ukiwa palepale.

"Toa mguu."

Akautoa shingo upande. Gari likaondoka, likazunguka uwanja wote bila kushtuka hata mara moja.

"Unaendesha vizuri," mume akasema. "Nimejua tangu mwezi uliopita."

Nesi akasimamisha gari.

"Mwezi uliopita mama alilazwa," akasema polepole. "Ukaniambia sijaweza. Shuka, mume wangu. Mwalimu, njoo mbele, tunakwenda kwa mama."

Mume akashuka. Kisha akainama dirishani, nami nikasubiri maneno yake ya kuumia na ajali. Nililiona swali la atarudi saa ngapi likimfika kooni, akalimeza.

"Msalimie mama," akasema, akasogea kando gari lipite.