Ua la Effie Lenye Majani ya Karoti

Dada yangu Effie hakutamani hereni wala mume wa pili. Alitamani mmea uitwe kwa jina lake, basi. Na kwa watu wa mimea, kujipa jina mwenyewe ni aibu. Sharti rafiki akupe. Rafiki wa Effie alikuwa Daktari Hector Laidlaw, mtaalamu wa mimea wa Edinburgh, mtu ambaye Effie hajamtia machoni hata siku moja. Effie humpelekea maua ya misitu yetu ya Launceston, huku kusini kabisa mwa dunia, yaliyobanwa na kukaushwa kati ya karatasi, naye daktari humrudishia utani na umbea wa wataalamu wenzake.

Siku hiyo meli ilileta barua. Effie akaifungulia jikoni, akapiga ukelele hadi paka akatoka mbio.

"Grizel! Amenipa! Mmea mpya, haujapata kuonekana duniani! Jina langu linaingia kitabuni!"

Ndani mlikuwa na mchoro. Ua lilikuwa la msituni kweli. Majani sasa!

"Dada, hii si karoti?"

"Karoti mama yako!"

"Mama yetu sote. Hebu tazama vizuri."

Akatazama, uso ukamsawijika. Effie hubania maua yake kwenye meza ileile ninayokatia mboga, nami nimemsema mpaka nimechoka. Jani la karoti lilikuwa limegandana na shina la ua, Hector akadhani ni kitu kimoja.

"Nyamaza tu," nikamwambia. "Utakufa una jina."

"Kitabu kikitoka watagundua. Watamcheka mpaka kaburini."

"Achekwe! Wewe umengoja mpaka umeota mvi."

Akanikata jicho, kisha akalia, akalia kwelikweli, kamasi kwenye aproni. Aliutaka ule mmea jamani. Chai niliyommiminia ikapoa. Mwishowe akaandika: Hector, majani ni ya karoti. Futa jina langu kabla hujaaibika. Akaituma kwa meli ileile, nami nikamnunia wiki nzima.

Jibu lilifika baada ya miezi mingi. Effie aliogopa kulifungua, nikamsomea mimi.

"Effie, nimefuta. Halafu nikawasomea wenzangu barua yako mkutanoni, wakacheka, nami nikacheka nao. Ndipo mmoja akaropoka kwamba walishajua. Wote, tangu siku niliyowaonyesha mchoro. Tunakula meza moja kila Jumatano, na hakuna aliyenitonya. Walikuwa wanangoja kitabu kitoke niaibike. Wewe uliye upande wa pili wa dunia, mwenye cha kupoteza, ndiye uliyeniambia. Sina ua la kukupa."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza.

"Mbwa wale!" Effie akafoka. "Masikini Hector wa watu! Wanakula naye nyama kumbe wanamchimbia shimo!"

Akavuta kalamu awaandikie, akaniuliza matusi makali kuliko yote niliyowahi kuyasikia bandarini. Nikaketi kando yake, nikaanza kumtajia.