Safu ya Sababu

Kwa miaka thelathini na moja fundi cherehani alikaa mlangoni pa nyumba ya ibada, daftari la mahudhurio mapajani, akiandika nani amekuja na nani hajaja. Asidhani mtu kwamba alikuwa mmbea. Daftari lile lilikuwa la kujuliana hali. Lilikuwa na safu tatu: jina, yupo au hayupo, na sababu. Ukikosekana, jioni ileile yeye na kiongozi wa ibada wanakuja kukubishia hodi. Wakikukuta na homa, wanaandika homa, na kesho yake kuna mtu anakuja kukufulia. Wakikukuta umejilaza kwa uvivu, wanaandika uvivu, mnacheka, yamekwisha. Bibi mmoja wa mtaa wa nyuma alikuwa akikosa makusudi kwa sababu alipenda wageni.

Binti mkubwa wa fundi, karani wa ofisi ya usajili, alikua akiliona daftari hilo kila wiki. Mama yao alipougua, jina lake lilikaa kwenye "hayupo" miezi saba, na haikupita siku nyumba ikakosa mtu wa kupika na kumgeuza mgonjwa. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba sasa itaongoza nchi kwa dini, karani hakushtuka. Aliona ni heri tupu.

Ofisini waliongeza meza ya pili karibu na dirisha. Kuanzia siku hiyo kila cheti, cha kuzaliwa, cha ndoa, cha maziko, kilihitaji mihuri miwili: mmoja wa karani, mwingine wa dini. Kwenye kiti cha meza ile akaapishwa kiongozi wa ibada yuleyule aliyezoea kubisha hodi jioni. Watu hawakuchelewa, wakambatiza Kiti cha Pili. Kisha ikatoka amri kwamba madaftari ya mahudhurio yaletwe ofisini kila mwisho wa mwezi, yanakiliwe. Fundi alilifunga lake kwa kitambaa kipya alichokikunja pindo mwenyewe, akalileta kwa mikono miwili.

"Sasa serikali nayo itajua nani mgonjwa," alimwambia binti yake, uso umemchanua.

Aliyeharibu furaha ile ni kitinda mimba wake, fundi umeme wa hospitali, ambaye tangu utotoni nyumbani walimwita Maswali.

"Baba, hao wanaotaka kujua nani hakuja, umewauliza wanataka kumfanya nini?"

"Wewe kazi yako ni kuuliza tu. Serikali ikimcha Mungu kuna ubaya gani?"

"Ikimcha, hakuna ubaya. Ikimsemea, ndipo ubaya ulipo. Mlikuwa na daftari la kupelekeana uji, mmewapa askari."

Aliyasema hayo mbele za wageni, na wageni wakatazama sahani zao. Fundi alikuwa mtu mpole, lakini akinuna, ananuna kweli.

Zamu ya Maswali kwenye jenereta ya hospitali iliangukia siku ya ibada. Miaka yote baba yake aliandika "hayupo", na kwenye sababu, "kazini, hospitali". Mwisho wa mwezi ule karani aliponakili daftari aliona mbele ya jina la mdogo wake sababu haipo. Akadhani ni uzee.

"Baba, umesahau safu ya Maswali."

"Sijasahau. Aniombe radhi kwanza."

Karani alicheka. Alinakili palivyo, patupu, mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alikuwa karani mzuri mno, na hilo baadaye lilimtafuna kuliko yote. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kichwa chake: asiyehudhuria mara kumi na mbili bila sababu amejitenga, na aliyejitenga hazikwi na wenzake. Aliwasomea watu wengine kanuni hiyo kwa sauti yake mwenyewe. Mjane mmoja aliyekuja kuomba cheti cha maziko ya mumewe aliposomewa alikaa sakafuni, na karani akamletea maji, akaona ametimiza wajibu wake.

Maswali alikufa saa nne asubuhi, mkono ukiwa ndani ya kabati la nyaya. Mtu wa upande wa pili wa jengo alirudisha umeme bila kuuliza.

Kesho yake fundi aliingia ofisini na kofia mkononi. Hakutaka makubwa. Alitaka mwanawe alale ubavuni pa mama yake, kwenye makaburi ya mji, ambako familia ilikuwa na nafasi mbili zilizobaki: moja yake mzee, nyingine ya yeyote atakayemtangulia. Karani alikuwa ameshagonga muhuri wake. Cheti kilikaa kwenye meza ya pili na muhuri mmoja, kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja.

Kiti cha Pili alifungua nakala, akaigeuza waitazame wote.

"Mara kumi na tatu, mzee. Na haya si maneno yangu. Ni mkono wako."

"Sababu unaijua!" fundi alisema. "Umekula kwake. Mkeo alipojifungua gizani, ni nani aliyewasha ile jenereta? Mimi nilikuwa nimekasirika tu. Nilikuwa nimenuna, Kiongozi. Mtu hawezi kununa na mwanawe?"

"Mimi najua. Kiti hiki hakijui. Kinajua kilichoandikwa."

"Basi nipe kalamu nijaze."

"Nakala imefungwa. Nikikufungulia wewe, yule mjane nimwambie nini?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma karani. Angepiga kelele wangepata mtu wa kumchukia. Lakini aliyekaa pale ni yuleyule aliyemshika mama yao mkono hadi pumzi ya mwisho, akiogopa kupoteza kiti, macho yamemwiva kwa machozi, na kalamu ameifunika kwa kiganja ili mzee asiifikie.

"Mimi ndiye niliyenakili," karani alisema, amesimama. "Niliona patupu nikapaacha. Niandikie mimi kosa."

"Hakuna safu ya hilo, binti yangu," alijibu Kiti cha Pili.

Fundi alipiga magoti. Karani hakuwahi kumwona baba yake amepiga magoti mbele ya mtu, na aliona haya, kisha akaona haya kwa kuona haya. Akamwinua kwa kwapa, mwepesi kama mtoto, wakatoka.

Maswali alizikwa nyuma ya tanuri la matofali, kwenye uwanja wa namba wanakozikwa waliojitenga. Pale hakuna majina. Kuna vibati vilivyopigiliwa kwenye vijiti. Yeye alipata mia nne na kumi na nane. Ibada ilikatazwa. Walinzi wawili walisimama kuhakikisha, na mmoja wao alikuwa amevaa suruali aliyoshonewa na fundi. Mzee aliomba kwa sauti kubwa hivyohivyo, tangu mwanzo hadi mwisho, na mlinzi wa suruali ile akageuka akatazama tanuri. Karani aliliona jina la mjane yule akilini mwake, akatafuta kwa macho kibati cha mumewe, asikijue kipi.

Wiki iliyofuata fundi alirudi mlangoni pake na daftari. Watu walistaajabu, wengine wakamwona hana moyo. Lakini mwisho wa mwezi karani alipolifungua aliona safu ya sababu imejaa pomoni. Homa. Safari. Homa. Mguu. Msiba. Homa. Hakuona nafasi tupu hata moja. Kwa mkono wa mzee mmoja, mji mzima ulikuwa unaumwa. Alinakili kila homa kwa mwandiko wake mzuri, kwa mara ya kwanza akiipenda kazi yake. Kiti cha Pili alipitisha macho, akagonga.

Mwezi wa pili ndipo alipoliona jina la baba yake mwenyewe. Hayupo. Wiki nne, hayupo, na mbele yake patupu. Akarudi kwenye mwezi wa kwanza, akakuta nne nyingine. Alikuwa amelinakili pia bila kuliona, kwa kuwa nani hutafuta jina la mwenye daftari?

Alikwenda dukani kwa baba yake mchana uleule. Mzee alikuwa anakunja pindo za mapazia.

"Baba, kila wiki uko mlangoni. Mji mzima unakuona."

"Naandika, halafu naondoka. Naenda kule kwenye matofali, nakaa naye. Ndani sipo. Sijaandika uongo kwa hilo."

"Zimebaki wiki nne. Unaijua kanuni."

"Naijua. Ninahesabu."

"Na Mama? Nafasi yako iko pale pembeni yake."

Mzee aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

"Mama yako ana majirani wanaojuana naye. Mdogo wako amelala na namba." Akafuta macho kwa pindo la pazia la mteja. "Mimi ndiye niliyempeleka kule. Atalala peke yake mpaka lini? Na pale patupu pangu usinijazie, mwanangu. Nakuomba."

Mwisho wa mwezi wa tatu daftari lilifika mezani, limefungwa kwa kitambaa kilekile. Karani alinakili homa zote na safari zote. Alipofika kwenye jina la baba yake alisimamisha kalamu. Kiti cha Pili alikuwa ametoka kunywa chai. Hapakuwa na mtu. Neno "homa" lina herufi nne tu, na mwandiko wa mzee aliuweza tangu shule.

Alipaacha patupu, zikatimia mara kumi na mbili, akageuza ukurasa.