Kurudisha Sahani

Kutafuta watu waliopotea ni kazi ya kuchosha, lakini kumtafuta mtu wa kukusaidia kuwatafuta ndiko kunakommaliza binadamu kabisa. Honorata alikuwa akifanya yote mawili kwa pamoja. Asubuhi ile alipoketi kwenye chumba cha usaili pale Kigoma, umeme umekatika, feni imenyamaza, na harufu ya dagaa wa Kibirizi inaingia dirishani bila hodi, alikuwa na uchovu ule usioondoka kwa kulala.

Alikuwa mkuu wa kumbukumbu katika shirika lililokuwa likiwaunganisha watoto wa Kirundi na wazazi wao. Mwaka uliotangulia Warundi waliokimbia machafuko kwao walifurika Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi mpakani ambacho hakikuwa na pa kuwaweka hata robo yao. Wakapakiwa melini hadi mjini, wakalazwa uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini. Katika msukumano ule mtoto alipanda meli, mama akabaki ufukweni. Bibi akaenda na basi hili, wajukuu na lile, na kipindupindu nacho kikachagua wake. Kuwakutanisha tena kulihitaji hifadhidata, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza jina la kila mtoto, alikotoka, alipoonekana mara ya mwisho, na nani anamtafuta. Honorata ndiye aliyeujenga mfumo huo, peke yake, akiutia viraka kama suruali ya mvuvi. Ulikuwa ukifanya kazi, ila ulifanya kazi kwa sababu yeye yupo. Akiugua siku moja, watu walimfuata nyumbani.

Na nyumbani kwenyewe hakukuwa na mtu. Mumewe, mwalimu Erasto, alikuwa amehamishiwa Tabora akaondoka na watoto wao wawili, Leonardi na Regina. Makubaliano yalikuwa mepesi: Honorata abaki mpaka apatikane mtu wa kumwachia kazi, kisha apande treni awafuate. Nafasi ikatangazwa, watu wakaitwa, mtu akakosekana. Ikatangazwa tena, vilevile, na mara zote mbili aliwaambia wa Tabora kwamba anakuja, akaishia kuwatembelea siku chache. Hii sasa ilikuwa mara ya tatu, na makao makuu yalikuwa yamechoka kusubiri.

"Leo tusipompata, wanaifuta nafasi," alisema Gervasi, bosi wake, Mha mwenzake wa makamo mwenye miwani mizito. "Wewe utaendelea hivyo hivyo ulivyo."

"Nilivyo vipi?"

Gervasi aliinamia orodha ya wasailiwa.

Msailiwa wa kwanza hakufika. Alipiga simu kutoka Dar es Salaam akasema samahani, ameangalia ramani jana. "Kumbe huko ndiko mwisho wa reli kweli kweli! Hapana, dada, mimi nina familia." Utadhani watu wa Kigoma hawana familia, wanataga mayai.

Wa pili alifika, tena ananukia vizuri. Aliitwa Abdulmajid. Alijibu maswali ya mdomo kama maji yanavyoteremka mlimani, na alipopewa jaribio la vitendo kwenye kompyuta mpakato iliyobakiwa na chaji alilimaliza kabla chai haijaletwa. Jaribio lilikuwa dogo. Mtoto mmoja huweza kuandikishwa Kagunga, akaandikishwa tena uwanjani, akaandikishwa tena kambini, akawa watoto watatu kwenye kompyuta. Kazi ya msailiwa ilikuwa kuwatambua waliojirudia na kuwaunganisha kuwa mmoja. Majina yote yalikuwa ya kubuni.

Katikati ya majina hayo Honorata alikuwa ametega mtego wake. Bukuru na Butoyi: mama mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja ya kuzaliwa, urefu uleule. Kwa Mha au Mrundi hakuna cha kujiuliza hapo, hao ni pacha, mkubwa na mdogo, na hata akiwa usingizini atakwambia. Kwa mgeni ni mtoto mmoja aliyeandikwa na makarani wawili wazembe. Abdulmajid aliwaunganisha.

"Nimesafisha," alisema, na akatabasamu.

Honorata aliandika sifuri. Hakuwa na chuki na kijana yule. Tatizo ni kwamba alimkumbuka mama mmoja wa Kirundi kutoka Makamba, katika wiki zile za mwanzo walipokuwa wakitumia mfumo walioazima kwa wageni. Mama alikuja kuchukua wanawe wawili, akapewa mmoja, kwa kuwa kompyuta ilisema ni mmoja. Butoyi wake alikaa upande wa pili wa kambi wiki na wiki. Honorata mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa mama yake, akiwa amemshika mkono, na mtoto alikuwa ameacha kusema. Tangu hapo aliapa kwamba hatamwachia kazi mtu asiyewajua pacha. Waliokuja mara ya kwanza walianguka kwa Bukuru na Butoyi. Waliokuja mara ya pili, hali kadhalika.

Msailiwa wa tatu alikuwa binti wa Ujiji aitwaye Shadya Omari, amejifunga mtandio wa kijani, amekuja na mkoba unaofungwa kwa pini. "Shikamooni," alisema, akaitikiwa, akaketi. Hakujisifu. Alipoulizwa jambo asilolijua alisema silijui, nikilihitaji nitaliuliza. Gervasi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Honorata naye alianza kupata kile kitu kibaya, matumaini.

Kisha binti akapewa jaribio. Alikwenda taratibu, akarudi nyuma, akapangua, akapanga. Alipofika kwa Bukuru na Butoyi alisita, kidole kikaning'inia hewani, na Honorata akajikuta ameshika kingo za meza. Shadya akawaunganisha.

Kwa kawaida hapo Honorata angesema "tutakupigia," akafunga faili. Lakini hata kusema uongo kunataka nguvu, na yeye hakuwa nayo.

"Umeshindwa, kama aliyekutangulia," alisema. "Hao wawili ni pacha. Umempoteza mtoto."

Shadya aliitazama kompyuta. Alishituka kwelikweli, akaweka mkono kifuani. "Masikini! Nilijuaje mimi?"

"Hayo ndiyo majina ya pacha. Kila Mha anajua."

"Mimi si Mha, dada. Nimezaliwa Ujiji, nimekua na Waha, nimekula harusi zao, nimelia misiba yao, na hili sikuwahi kuambiwa. Sasa mtu wa Dar ataambiwa na nani?" Sauti haikuwa ya ukali. "Limeandikwa wapi hili? Kwenye maelezo ya mfumo lipo?"

Hakukuwa na maelezo ya mfumo. Kwamba Nyandwi ni mtoto wa saba na Minani ni wa nane, kwa hiyo huenda wametoka tumbo moja ingawa majina hayafanani. Kwamba Kiza hufuata pacha. Kwamba baba, mama na watoto kila mmoja ana jina lake, na anayetafuta ndugu kwa kufananisha jina la ukoo atatafuta mpaka azeeke. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa Honorata tu, na kichwa chenyewe kilikuwa kikiuma.

"Naweza kusema jambo moja, kwa kuwa nimeshaanguka?" Shadya aliuliza.

"Sema, binti," alisema Gervasi.

"Mimi namjua dada Honorata. Sikutaka kusema mwanzoni, isije ikaonekana najipendekeza. Tupo naye kwenye kundi."

Kundi hilo lilikuwa la watumiaji wa hifadhidata nchini, watu wa mabenki, mahospitali, vyuo na wale wanaohangaika peke yao kwenye vyumba vya nyuma. Walikutana Dar kila mwezi, na walio mbali waliandikiana kwa simu. Honorata alijiunga siku mfumo ulipomgomea na watu mia wamesimama nje. Tangu hapo kila alipokwama aliuliza huko, na kila alipouliza alijibiwa, hasa na mtu mmoja mwenye subira ya ajabu. Alimfundisha namna ya kutafuta majina yanayotamkwa karibu sawa ingawa yameandikwa tofauti. Alimwokoa siku nakala ya akiba ilipogoma kufunguka. Kwenye kundi alijulikana kwa jina la Mwinshehe.

"Mwinshehe ni babu yangu," alisema Shadya. "Duka letu la kompyuta pale Ujiji lina jina lake, na simu ninayotumia kundini ni ya duka."

"Wewe ndiye Mzee Mwinshehe?" Honorata alisikia uso ukimpata moto. "Mawe we! Mimi nilikuwa nakuamkia!"

"Kila siku. 'Shikamoo Mzee Mwinshehe, nimekwama tena.'"

"Na ulikuwa unaitikia marahaba!"

"Ningefanyaje, dada? Ulikuwa na haraka."

Gervasi alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Honorata naye alicheka, akashangaa kujisikia, maana kicheko chake alikuwa amekisahau kilivyo. Mwaka mzima alikuwa ameshikwa mkono na mtu aliyemdhania mzee wa Dar, kumbe ni binti wa Ujiji, mwendo wa nauli ndogo. Na yeye kazi yake ni kuwakutanisha watu.

Lakini Shadya hakuwa amemaliza. "Kundini tuna desturi, tunaiita kurudisha sahani. Jirani akikuletea chakula humrudishii sahani tupu. Ukisaidiwa, unarudi kueleza kilichokufaa, na kile ujuacho wewe unakiweka hapo ili na mwenzio ale. Wewe, dada, uliuliza, ukajibiwa, ukapotea. Martini wa Mwanza husema sahani zetu zote ziko Kigoma." Aliinamisha macho. "Sisemi kwa ubaya. Nilijua una kazi. Ila haya ya majina, ungetuambia hata mara moja, leo nisingempoteza huyo mtoto. Wala yule aliyetoka kabla yangu."

Walimwomba asubiri nje. Mlango ulipofungwa Honorata alijipangusa uso kwa kiganja, akabaki ameufunika. Ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu alikuwa amejiambia muda wote kwamba hakuna mwingine anayeweza, na kwa kweli hakuna mwingine aliyekuwa ameambiwa.

"Jaribio kaanguka," alisema Gervasi. "Nifanyeje mimi? Unajua nilivyo na hamu uende ukawaone wanao. Lakini wewe ndiye uliyesema asiyewajua pacha hafai."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Swali lilikuwa baya, Gervasi. Hilo ni jambo la kumfundisha mtu siku ya kwanza kazini, si la kumwangushia mlangoni. Mimi nimefundishwa na mama yangu kule Mwandiga, nikiwa mgongoni. Wao watafundishwa na nani?" Alisogeza karatasi ya alama upande wa bosi wake. "Futa swali hilo kwa wote wawili, halafu pima upya. Abdulmajid hakusita. Huyu alisita. Na amezoea kuuliza."

Gervasi alifuta, akapima, akampa kalamu atie saini.

Wiki mbili zilizofuata Honorata alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya, na alichoka kuliko alivyowahi kuchoka. Alimkalisha Shadya pembeni akamwambia kila kitu: majina, vijiji, vichochoro vya mfumo, viraka vyote na sababu ya kila kiraka. Shadya aliandika, akauliza, akauliza tena, mpaka Honorata akatamani kumtupia kikombe. Wakaenda pamoja kambini, na Shadya akasikia kwa masikio yake akina mama wakitaja watoto wao kwa mpangilio wa kuzaliwa. Jioni moja Honorata aliandika kundini, bila kutaja mtoto yeyote, maelezo marefu ya namna ya kuwatafuta ndugu wasioshirikiana jina. Hakumwamkia mzee yeyote. Watu wa hospitali wakashukuru, wa vyuo wakauliza maswali, na Martini wa Mwanza akaandika, "Karibu mezani, dada." Honorata alisoma hayo akiwa amejilaza na viatu vyake, machozi yakamtoka kidogo, akayaacha.

Alipokwisha kukata tiketi ndipo alipompigia Erasto. Ilikuwa jioni, jua bado halijazama Kongo ng'ambo ya ziwa, na alisimama nje ya ofisi ambako mtandao haukatiki.

"Nimepata mtu," alisema. "Nimekabidhi kila kitu. Nakuja."

Erasto hakuwa mtu wa maneno makali, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. "Haya, mama Leonardi. Karibu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara mbili. "Ngoja nikupe Regina."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Sufuria ilisikika, na redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia? Nakuja!"

"Nimesikia." Mtoto alifikiri kidogo. "Mama, safari hii utakaa siku ngapi? Kitanda chako analalia kaka, nataka nimwambie ahame."

Honorata aliegemea ukuta.

"Zote," alisema. "Nitakaa siku zote, Regina."

Akamsikia mwanawe, ambaye hakuwa ameiondoa simu mdomoni, akimgeukia baba yake kwa sauti ya chini, ya adabu, kama mtoto anayeuliza habari za mgeni.

"Baba, anasema siku zote. Nimwamini?"