Mwanga wa Mzee Jailos

Mzee Jailos alianza kung'aa Jumatano moja ya mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na nne, saa kumi na mbili jioni, mkewe Yudith akiwa mlangoni anachambua maharage kwa kuwahi giza. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Jailos alikaa kwenye kigoda chake, akavua koti lililolowa, na mwanga ukamtoka kifuani na mikononi, mweupe na mtulivu, wa kutosha kumwonyesha mtu haragwe zima na lililotobolewa na wadudu. Yudith alimtazama mumewe, kisha akageuza ungo upande wake.

"Sogea kidogo, baba," alisema. "Mafuta ya taa yanakaribia kwisha."

Kijijini kwao, mwendo wa asubuhi moja kutoka Igowole, habari hiyo haikumtoa mtu jasho. Jailos alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri mwaka wa kumi na mmoja sasa; kama kulikuwa na mtu wa kung'aa, basi ni yeye. Mchungaji Yohane alikuja, akamkagua kama mtu akaguavyo paa jipya, akasema kwamba huku ndiko kuwa nuru kwa wengine alikokuwa akihubiri siku zote, ila hakutegemea kueleweka upesi hivyo. Juma hilohilo kwaya ilihamishia mazoezi uani kwa Jailos, na akina mama wakaanza kuja jioni na nyungo zao.

Jailos peke yake ndiye aliyejua, au alidhani anajua, mwanga ule umetokana na nini. Jambo lenyewe lilikuwa la ulanzi, utomvu wa mianzi unaogeuka pombe.

Kanisa lilikuwa limekataza ulanzi, na Jailos ndiye aliyetumwa nyumba kwa nyumba kulitangaza katazo hilo. Hata hivyo, kila masika alikata ncha za machipukizi ya mianzi, akaning'iniza mbeta zake, vikopo vya mwanzi, kukinga maji yanayodondoka, na alfajiri na jioni akaenda kugema. Kuhusu ulanzi wa asubuhi alijiambia kwamba ni mtamu tu, haujawa pombe. Kuhusu wa jioni hakujiambia kitu. Tena mianzi yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya Esta, mjane wa jirani, maana alidhani mbeta zikionekana huko hakuna atakayemfikiria yeye.

Zilionekana. Jumapili, siku tatu kabla ya mwanga, wazee wenzake walikuta mbeta tano pale. Wakamwuliza jirani, ambaye ndiye yeye, mianzi ile ya nani.

"Ya Esta," Jailos alijibu.

Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililomkaa kooni kama mfupa. Mbeta zilikuwa zimefungwa kwa fundo la mkono wa kushoto, na kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu wa kushoto. Wazee waliliona fundo lile, wakaligeuzageuza. Lakini mzee wa kanisa hagemi ulanzi, basi fundo haliwezi kuwa lake. Esta akawekwa chini ya marudi: akae benchi la nyuma, asile Chakula cha Bwana, na mtoto wake asibatizwe mpaka mama atubu mbele ya ushirika.

Mtoto huyo alikuwa hajafika mwaka. Baba yake alikwenda manamba kwenye mkonge, na kilichorudi ni barua mbili. Ya kwanza aliiandikisha mwenyewe, ikisema mtoto akizaliwa wa kiume abatizwe Edmund. Ya pili iliandikwa na karani. Esta alikataa kumwita mtoto jina hilo kabla ya maji, akimwita Kadodo tu, yaani mdogo, kama anavyoitwa kila mdogo.

Siku chache baada ya kuanza kung'aa Jailos alikwenda mianzini kufungua mbeta ya sita, ambayo wazee hawakuiona. Aliondoka jua likizama, akajifunika blanketi mbili. Mwanga ulipenya zote mbili, na mianzi ikawaka kijani toka shinani hadi kileleni, watu wakaiona kutoka ng'ambo ya bonde. "Mzee anaomba mianzini," wakaambiana, na Jumamosi wakamlimia njia ya kwenda huko.

Esta naye alikuja na ungo wake. Marudi hayamkatazi mtu kuchambua maharage. Alikaa mbali na wenzake, mtoto mgongoni, na Jailos akajitahidi kutazama paa.

Mwezi wa tatu surua iliingia. Watoto watatu walikufa. Wawili walipigiwa kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kanisa, wakaimbiwa. Wa tatu hakuwa amebatizwa. Alizikwa kimya nyuma ya shamba la baba yake. Jioni ile Esta alibaki wenzake walipoondoka.

"Mzee," alisema, "fundo nalijua."

Jailos akauvuta mkono wa kushoto chini ya koti.

"Wananiambia nitubu. Siwezi kumdanganya Mungu ili nimkaribie. Lakini mtoto anachemka tangu jana. Useme wewe, baba."

"Nitasema Pasaka," Jailos alisema, na alimaanisha. Usiku kucha alijilaumu kwa kutosema palepale, tena akajilaumu kwa jinsi alivyojisikia mwema kwa ahadi tu.

Kadodo akapona. Pasaka ilikuja na mawingu mazito, kanisa likawa giza saa nne ya asubuhi, na Mchungaji Yohane akamwomba Jailos asimame kando ya meza ili kitabu kisomeke. Jailos akauinua mkono wake wa kushoto juu ya ukurasa. Mchungaji alisoma majina ya watoto wa kubatizwa, kisha majina ya walio chini ya marudi. Yalikuwa mawili, na la pili lilikuwa la Esta.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza.

Jailos akafungua kinywa. Badala ya neno ulitoka mwanga, mwingi kuliko siku zote, ukaenda mpaka benchi la nyuma na kuonyesha kiraka kwenye kitenge cha Esta. Ushirika ukasema amina. Angeweza kungoja uishe aseme. Pumzi alikuwa nayo. Alifunga kinywa, na kilichomtia aibu zaidi ya yote ni kwamba aliona nafuu.

Esta alimngoja kidogo. Alimpa muda wa kutosha kabisa. Kisha akasimama, mtoto akiwa kiunoni.

"Mbeta zilikuwa zangu," alisema. "Natubu."

Mchungaji alifurahi sana. Aliandika kitabuni kwamba Esta amekiri kugema na amesamehewa, na Jailos akamshikia mwanga mpaka wino ukakauka. Mtoto akaletwa mbele. Maji yakachotwa, yakameremeta mkononi mwa mchungaji, na Edmund akabatizwa akiwa anaukodolea macho mkono wa Jailos. Alijaribu kuushika. Watu wa mabenchi ya mbele wakacheka kwa upendo.

Nje, wazee walimpongeza Jailos. Walisema mwanga wake ndio uliomgusa yule mama.

Kesho yake jioni Esta alikuja na ungo kama kawaida. Sasa aliruhusiwa kukaa karibu na wenzake, nao wakamsogelea kwa upole ule wa kumsogelea mkosaji aliyesamehewa.

"Kamwene, mzee," alisalimu.

"Kamwene," Jailos aliitikia.

Esta akamgeuzia mgongo, ili mwanga umwangukie begani na kufika kwenye ungo, akaanza kutenga mazima na mabovu. Jailos alikaa wima kwenye kigoda chake, mikono magotini, bila kutikisika, mpaka Esta alipomaliza haragwe la mwisho.