Kidonge cha Nisu

Jumamosi ni siku ya sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke. Katika ukanda ule wa Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani, ambako mababu wa Kifini walikuja kuchimba shaba, mtu anaweza kukosa kanisa lakini sauna haikosi. Dale Heikkinen aliyamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda, jasho likaanza kumchuruzika hadi kidevuni. Mkewe Lorna alikuwa benchi la juu kabisa, kwenye joto linalofukuza hata vijana. Ngozi yake ilikuwa kavu kama unga, na alikuwa anatetemeka.

"Mwaga tena," alisema.

"Nikimwaga tena tutaiva humu, mama."

"Nasikia baridi, Dale."

Dale akacheka, kicheko cha mtu asiyejua la kufanya. Baridi ndani ya sauna! Kisha akauliza swali lake la siku zote. "Si daktari kasema damu yako iko sawa?"

"Kasema."

"Basi."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza Lorna, pengine kuliko ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulijulikana. Tezi ya shingoni mwake, ile inayouchochea mwili uwake kama jiko, ilikuwa imezembea. Bibi mzaa mama yake alikufa na rovu shingoni kubwa kama ngumi, na watu wa zama zile waliliona kama jambo la kuzaliwa nalo. Lorna yeye alipewa kidonge, kidogo, cha kuanzia. Akaanza. Na hapo alipoanzia ndipo alipoachwa.

Miaka mitatu alikuwa akirudi kwa Dk. Pruett kumwambia kwamba bado. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Nywele zinatoka kwa mafungu. Uzito unapanda ingawa chakula anakidonoa tu. Dk. Pruett hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa na sauti laini, picha ya mbwa wake wawili wa kuwinda mezani, na macho yaliyogandana na kompyuta. "Kipimo chako kipo ndani ya kiwango, Lorna," angesema, akiiambia kompyuta. Ni umri. Ni majira ya baridi, hata yeye mwenyewe huchoka. Safari moja alimwandikia dawa za huzuni, naye Lorna, ambaye hakuwa na huzuni yoyote ila ya kutosikilizwa, akazimeza mpaka zikaisha, wala hazikumfaa kitu. "Umejaribu kutembea kidogo?" Kutembea! Anamwambia mtu anayepumzika katikati ya ngazi za nyumba yake mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Dk. Pruett alikuwa hajawahi hata kupita karibu na makaburi. Mtaalamu wa tezi alikuwepo katika mji wa Marquette, lakini ili umwone sharti daktari wako akuandikie, na Dk. Pruett hakuona sababu.

Kazi ya Lorna ilikuwa kutengeneza nywele za watu katika saluni ya mjini. Novemba ile alimkata nywele mteja wake, Bi Helmi Aho, upande wa kushoto, akasimama na mkasi hewani akijaribu kukumbuka alikuwa anafanya nini, halafu akamfungua kitambaa na kumwambia tayari.

Bi Helmi akajitazama kiooni. "Mwanangu, huu ndio mtindo mpya, au upande wa pili nije Alhamisi?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Lorna naye akacheka, kisha akaingia stoo kulia. Colleen, mwenye saluni, akamfuata na kufunga mlango.

"Nakupenda, Lorna, unajua. Lakini hii si mara ya kwanza. Ikifika Pasaka na hali ni hii hii, kiti chako itabidi nimpe mtu mwingine."

"Naumwa, Colleen."

"Najua unasema unaumwa."

Hata Colleen. Lorna akafuta macho, akatoka kwenda kummalizia Bi Helmi upande wa pili.

Sasa, nyumbani kulikuwa na Nisu, mbwa jike wa Dale, mwenye rangi ya ule mkate mtamu wa iliki uitwao nisu, tunaonywea kahawa, ndiko alikopata jina. Mwanzoni mwa vuli ile Nisu naye alianza kulala mchana kutwa. Manyoya ya kiunoni yakapukutika, ngazi akawa anazitazama tu. Wakampeleka kwa daktari wa mifugo, Dk. Tess Sorvari, mwanamke mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi na viatu vyenye samadi. Dk. Sorvari alipiga magoti sakafuni. Akampapasa masikio, akamfunua manyoya, akamtazama usoni kwa muda mrefu, ndipo akamtoa damu. Tezi ya shingo. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na baada ya wiki chache akakiongezea nguvu. "Macho yake bado hayajaamka," alisema. Haukupita muda Nisu akawa anafukuza sungura kwenye theluji.

Lorna alikuwa pale, ameshika kamba ya mbwa. Alisoma jina la dawa kwenye chupa. Ilikuwa dawa ile ile anayomeza yeye, ila ya mbwa ilikuwa kali mara nyingi zaidi. Wivu ulimpanda, wivu wa kumwonea mbwa, na hakuona hata aibu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Siku ile ile ya nywele za Bi Helmi, Dale akiwa nje anasukuma theluji, Lorna alikiweka kidonge cha Nisu cha jioni juu ya ubao wa kukatia, akakipasua kwa kisu cha mboga. Robo akameza yeye. Kilichobaki akakifukia ndani ya kipande cha jibini, akampa mwenye dawa. Nisu akala, akamlamba vidole. Lorna alijiona mwizi, na kweli alikuwa mwizi.

Kabla ya Krismasi alipanda ngazi bila kusimama. Alilitambua hilo akiwa ameshafika juu, akashuka, akapanda tena, akicheka peke yake kama mwendawazimu. Majina ya wateja yakawa yanakuja yenyewe. Colleen akamnunulia keki. Na Jumamosi moja, kwenye sauna, tone la jasho lilimtoka kwapani likateremka ubavuni taratibu. Hakulifuta.

Januari akaenda kupima damu, kisha akaingia kwa Dk. Pruett akiwa na matumaini ya kijinga.

"Safi kabisa!" daktari aliiambia kompyuta. "Hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote tangu uanze. Unajisikiaje?"

"Vizuri, daktari. Lakini..."

"Unaona? Nilikuambia. Dozi ile ile, ilihitaji muda tu. Mvumilivu hula mbivu."

"Nilikuwa naomba uniongezee kidogo."

"Nikuongezee nini, Lorna, na wewe umepona?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Aseme nini? Kwamba sifa hizo ni za kidonge cha mbwa? Alitoka na karatasi ya dawa ile ile, kidonge kile kile cha kuanzia, akakaa ndani ya gari akiupiga usukani kwa viganja mpaka vikamuuma.

Basi akarudi kwenye bakuli la Nisu, na sasa alirudi na hofu, na hofu ina ulafi wake. Robo ikawa nusu. Nusu ikawa kidonge chote cha jioni. Moyo ukaanza kumwenda mbio hata akiwa amelala chali. Mikono ikawa inatetemeka juu ya vichwa vya wateja, akasingizia kahawa. Alijua anavuka mpaka, na hakuthubutu kurudi nyuma, kwa sababu nyuma kulikuwa na ule ukungu wa uchovu na kusahau.

Nisu naye alilala tena. Alikuja jioni kwenye bakuli lake kwa mazoea, akakaa, akangoja jibini. Lorna alimpa jibini tupu. Mbwa alikula, akamlamba vidole vile vile kama zamani, na Lorna akageukia sinki asimtazame.

Mwishoni mwa Februari Dale akasema mbwa wake anakufa, wakamrudisha kwa Dk. Sorvari. Daktari akapiga magoti tena.

"Mnampa dawa asubuhi na jioni?"

"Kila siku," Dale akajibu. "Mke wangu hakosi."

Lorna alikuwa anatazama ukutani. Dk. Sorvari akaipitisha ile mikono yake iliyopasuka kwenye manyoya ya Nisu, akamwangalia macho. "Hapana, huyu hayuko sawa. Damu nitapima, lakini sitamwacha ateseke akisubiri majibu. Tunaongeza leo."

Ndani ya gari Dale alikuwa na chupa mpya mfukoni. "Dozi ilikuwa haimtoshi, maskini. Huyu daktari anaona, bwana."

"Ilikuwa inamtosha," Lorna akasema. "Cha jioni nakila mimi."

Dale akalisogeza gari kando ya barabara, akalizima. Nisu alikuwa anakoroma kiti cha nyuma.

"Unakula dawa ya mbwa."

"Tangu Novemba."

"Ya mbwa wangu."

"Ya mbwa wako."

"Sasa kwa nini hukuniambia kwamba umezidiwa hivyo?"

"Nilikuambia kila Jumamosi!" Lorna alipiga kelele hata Nisu akazinduka. "Nilikaa juu ya moto ule natetemeka mbele ya macho yako, ukaniambia basi! Mbwa alipochoka ulimbeba mikononi ukamkimbiza kwa daktari. Mimi ukaniambia basi!"

Dale alinyoosha mkono amguse shingo, kama anavyofanya anapotaka kupatana, na vidole vyake vikakutana na mshipa uliokuwa unadunda kama unataka kutoka. Akauondoa mkono haraka.

"Kesho tunakwenda kwa Pruett," alisema, na sauti yake ilikuwa na woga. "Na chupa ya mbwa uje nayo."

Kesho yake Dale alibaki kwenye gari na Nisu, na Lorna akaingia peke yake. Hakungoja kuulizwa. Aliiweka chupa mezani, kando ya picha ya wale mbwa wawili.

"Hiki ndicho ulichokisifia Januari, daktari."

Dk. Pruett akasoma. Chini ya jina la dawa palikuwa pamechorwa unyayo wa mbwa. Uso ukamsawijika. "Hii ni ya mbwa."

"Ya mbwa wetu, Nisu."

"Lorna! Ungeweza kujiua!" Akainuka, akachukua kile chombo cha kusikilizia moyo, akamwekea kifuani. Miaka yote ile hakuwahi kumgusa. Chombo kilikuwa cha baridi. Alisikiliza kwa muda, midomo ameibana. "Unakwenda mbio sana. Sasa hivi tunakupima moyo kwa mashine, na hii unaacha leo leo. Unarudi kwenye kidonge chako."

"Kile kile?"

"Kile kile. Baada ya miezi mitatu tutapima damu tuone."

Miezi mitatu, na Pasaka ilikuwa mwezi ujao. Lorna aliyaona yote yakirudi: ngazi, ile stoo ya saluni, kiti chake kimekaliwa na mwingine. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na hakuwa na nguvu tena ya kugombana. Alinyoosha mkono achukue chupa, aende zake.

Lakini Dk. Pruett alikuwa amewahi kuishika. Aliigeuza vidoleni, akaitupia jicho ile picha mezani, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu na jirani yake.

"Na huyo mbwa je? Aliishije muda wote huo bila dawa yake?"

Lorna akamtazama. Sauti ile hakuwahi kuisikia ndani ya chumba hiki.

"Alikuwa analala mchana kutwa," alijibu polepole. "Na akiamka, amechoka."

"Maskini."

"Manyoya yakawa yanatoka. Ananenepa, na bakuli hajalimaliza. Anasikia baridi hata akilala mbele ya jiko. Ukimwita anachelewa kugeuka, kama amesahau jina lake. Ngazi zinamshinda. Anasimama katikati, anangoja zipite nguvu zozote azidake."

Dk. Pruett alitikisa kichwa, na macho yake yalikuwa yamelainika kweli. "Kiumbe wa Mungu. Mateso yote hayo, na hawezi kusema. Daktari wake hakuona?"

"Aliona siku ile ile. Alipiga magoti, akamtazama, akaongeza dozi."

"Afadhali. Ndivyo inavyotakiwa."

"Daktari," Lorna akasema, "hayo ndiyo niliyokuwa nakuambia mimi. Hapa hapa, kwenye kiti hiki. Usingizi, nywele, baridi, ngazi. Hukuongeza hata chembe. Na mimi nilikuwa naweza kusema."

Mkono wa daktari ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta, ukabaki pale bila kubonyeza kitu, kisha akaurudisha magotini. Akageuza kiti chake. Akamtazama Lorna usoni, paji lenye jasho, nyusi zilizokatika ncha, akawa kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mama huyu.

"Niambie tena," alisema. "Taratibu. Nakusikiliza."

Lorna akafungua mdomo. Alikuwa ameyasema mara nyingi mno katika chumba hiki, na sasa hakujua aanzie wapi.