Sakafu ya Guruguru

Tamima binti Khelef alimkuta guruguru, yule mjusi mnene wa mashimoni, uani, kwenye shimo lake chini ya birika kavu la kuwekea maji, mkia umekatwa na paka. Mtu mwengine angemmaliza kwa fimbo. Yeye alimfunika kitambaa, akambeba hadi chumbani, akamtia katika kasha kuukuu la majani ya chai. Alijiambia ni mpaka apone tu.

Nyumba ile ya Malindi ilikuwa yao, juu na chini. Baada ya Mapinduzi ndugu zake walitawanyika, huyu Maskati, yule Dubai. Tamima alibaki kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa hajiwezi kitandani, kisha mama naye akafa. Ghorofa za juu Serikali iliwapa watu wengine. Yeye akaachiwa chumba cha chini na ua. Ilipofika mwaka wa sabini na moja, alikuwa ameshazoea siku kuchwa asimsikie mtu akimtaja jina.

Juu yake walikaa Kidawa na mumewe Machano, seremala mwenye kibanda Mlandege. Kila asubuhi Kidawa aliposhuka kuteka maji ilikuwa "Shikamoo, Bi Tamima," na "Marahaba," basi. Miaka ilipita kwa maneno hayo.

Kasha alilitandika mchanga wa pwani, mweupe, aliouchekecha mwenyewe. Guruguru alipendeza juu yake, magamba yanang'aa, kichwa kakiinua kama mgeni anayengoja kuandaliwa. Tamima akimpa mende na vipande vya papai, na akizungumza naye. Alimsimulia foleni ya mchele. Alimsimulia hata ndoto zake.

Ghafla mnyama akasusa chakula. Tumbo likavimba, likawa gumu. Tamima aliliokota papai lililobaki, akaliona limegandwa na mchanga pande zote, na hapo ndipo alipofahamu: kila alipouma papai, alimeza na mchanga. Akamlaza katika bakuli la maji ya uvuguvugu, akawa anamkanda tumbo polepole kwa kidole. Kilichotoka kilikuwa mchanga mtupu.

Kidawa alimkuta katika hali hiyo.

"Bi Tamima! Unamwosha guruguru?"

"Kala mchanga, mwanangu. Mimi ndiye niliyemlisha."

Kidawa alirudi nyuma, kanga kaibana mdomoni. Lakini hakucheka. Jioni alishuka na mfuko wa maranda kutoka kibandani kwa mumewe. "Mtandikie haya, laini," alisema, akauweka kizingitini, hakuingia.

Maranda yalikuwa ya mvule. Kulipokucha macho ya guruguru yalikuwa yamefura, na anapiga chafya kama mtu aliyenusa pilipili. Kidawa alijipiga paji la uso. "Machano mwenyewe mvule humtoa machozi! Nilisahau mie."

Akaleta kipande cha mkeka. Hicho nacho kilidumu mpaka adhuhuri tu, kwani ukucha ulinasa katika ukindu, na mnyama akawa anauvuta mguu kwa nguvu zake zote.

"Mshike," Tamima alisema, mkononi ana mkasi.

"Mimi?"

"Hapana mwengine humu."

Kidawa alifumba macho, akamshika. Tamima akakata ukindu mmoja mmoja, mpaka mguu ukatoka salama. Kidawa alipofumbua macho, machozi yalimtoka kwa kucheka, na siku hiyo alikunywa kahawa chumbani mle kwa mara ya kwanza.

Wakajaribu magazeti. Magazeti hayakumdhuru: hayamezeki, hayana vumbi, ukucha haunasi. Na Tamima alikuwa akimwona wakati wote. Lakini guruguru alikwaruza pembe ya kasha kutwa kucha, akisukuma mbao kwa pua, mpaka pua ikatoka damu.

"Anataka kuchimba," Kidawa alisema.

Tamima alikuwa akilijua hilo tangu mwanzo. Alimtoa shimoni, mtu wa shimoni hutaka shimo. Ila alipenda kumwona.

Basi wakachimba udongo uani, wakauchekecha kutoa mawe na vigae, wakauanika juani, kisha wakaunyunyizia maji kidogo. Wakajaza kasha nusu, na chakula wakakiweka juu ya kisahani, asije akameza udongo. Guruguru alinusa, akaanza kuchimba, mara akapotea.

"Kafurahi!" Kidawa alipiga makofi.

"Kafurahi," alijibu Tamima, akabaki kulitazama kasha.

Tangu hapo papai liliisha kisahanini, mende waliisha, na mwenyewe haonekani. Kila jioni Kidawa alishuka, wakakaa pembeni mwa kasha wakimngoja, wakizungumza. Siku moja Kidawa akaanza kuchezea ncha ya kanga yake, akasema wamepata nyumba katika majumba mapya ya Michenzani.

"Si mbali, Bi Tamima. Utakuja?"

"Nitakuja, Inshallah."

Walipohama, juu kukawa kimya. Tamima alikaa na lile kasha la udongo. Mara nyingine aliwaza kuumwaga, arudishe magazeti, apate wa kumtazama. Aliweka mkono juu ya udongo, kisha akaurudisha mkono.

Mchana mmoja, bila ya kuitwa, guruguru akatoka. Alijinyoosha kwenye mwanga wa dirishani, amenona, macho safi, mkia umeanza kuota. Tamima alisimama. "Mtazameni!" alisema kwa sauti, akageukia kizingiti kitupu.

Akavaa buibui, akaenda kwa miguu mpaka Michenzani. Majumba yalikuwa marefu, yanafanana, na ilimbidi kuulizauliza. Alipofika mlangoni alikuta kufuli. Mwanamke wa mlango wa pili alichungulia.

"Kidawa na mumewe wamekwenda shamba. Nimwambieje?"

"Mwambie Bi Tamima kaja. Mwambie katoka."

"Nani katoka?"

Tamima alijifuta jasho kwa buibui. Alimtazama mwanamke yule asiyemjua, akafikiri aanzie wapi: kwa paka, kwa mchanga, au kwa mama.

"Yeye anajua," alisema, akashuka ngazi.