Makofi ya Mama Coleta

Mama Coleta alikuwa na ugomvi mmoja tu na Nestory, na hakuacha kuutaja: kijana yule alikuwa akisalimia huku anaondoka.

Pale mtaani kwetu Mazwi hakuna asiyemjua mama huyu. Umri umekwenda, magoti yanamlalamikia, lakini ukipita mbele ya kibaraza chake huponi. Atakuuliza umeamkaje, nyumbani hawajambo, mahindi yamefikia wapi, mguu wa mama yako unaendeleaje. Na kama umelelewa Kifipa sawasawa, unachutama, unapiga makofi taratibu, unajibu moja baada ya jingine mpaka yaishe. Nestory alikuwa bodaboda. Kila akipita alipunguza mwendo kidogo, akapaza sauti, "Shikamoo mama!" na marahaba ya mama ikaishia kwenye vumbi lake.

Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, mtaa uliitisha mkutano kuhusu wizi. Wengine walitaka taa, wengine walitaka walinzi. Mama Coleta, mjumbe wa kamati, akasimama na kusema kwamba watu waanze kuwasalimia wageni wanaokatiza mtaani. Mtu ukishamuuliza kwao ni wapi na mama yake hajambo, alisema, atapata kazi kweli kukuibia.

"Mama, mwizi hasalimiwi," Nestory akamjibu kutoka nyuma. "Mwizi anapigwa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Coleta hakucheka. Akakaa.

Basi ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Saa mbili asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje, upepo wa Ufipa unachoma masikio, watu na majembe, reki, mafagio. Mtaro mkubwa ulikuwa umeziba tangu masika. Nestory alipewa sururu kwa sababu ya mabega yake, na kwa haraka zake zile zile akaegesha pikipiki mbele ya duka, akaingia mtaroni. Ufunguo akauacha unaning'inia.

Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Kwa hiyo aliposikia muungurumo, aliujua kabla hajageuka, kama mtu anavyoijua sauti ya mtoto wake. Mwanaume mmoja mwenye koti la kijani, mtu mzima kabisa wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amekwisha kuikalia na kuitia gia.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Hakufika mbali. Tope walilokuwa wamelitoa mtaroni lilikuwa limerundikwa katikati ya njia. Tairi la mbele likazama, pikipiki ikalala, na yeye akaangukia upande wa pili. Alipoinua kichwa, watu walikuwa wamekwisha kumzunguka.

Wote mnajua inavyokuwa. Hawa waliokuwa wanataniana dakika moja iliyopita, wanaazimana reki, sura zikabadilika. Mzee Kornel, fundi baiskeli, mtu wa kanisani asiyekosa misa, alikuwa ameokota jiwe la kujaza kiganja. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwenye mali aanze!" Na njia ikafunguka kwa ajili ya Nestory.

Damu ilimchemka. Alisogea na sururu yake mpaka akasimama juu ya yule mwanaume, ambaye hakukimbia wala hakuomba. Alifumba macho tu. Nestory akainua sururu. Kwa kweli alikusudia kuishusha, na baadaye hakuwahi kujidanganya juu ya hilo.

Ndipo Mama Coleta akapita chini ya kwapa lake.

Aliweka fagio pembeni. Akakusanya kitenge chake, akashika goti moja, akashika la pili, akachutama kwenye tope mbele ya mwizi. Akakutanisha viganja, akaanza kupiga makofi, polepole, yale makofi ya heshima, na kumsalimia kwa Kifipa.

Kelele zikakatika. Mdogo ndiye anayemchutamia mkubwa. Haijapata kutokea bibi akamchutamia mtu wa umri wa mwanawe, tena mwizi. Yule mwanaume alifumbua macho. Akamwona mama mtu mzima yuko chini, akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa sururu. Akajizoazoa, akachutama naye, na mikono yake yenye tope ikaanza kuitikia.

Sasa, kwetu huwezi kubaki wima wakati mama wa umri ule yuko chini anasalimia. Hilo halina mjadala. Limo kwenye magoti yetu tangu utoto. Mzee Kornel alikuwa wa kwanza. Alichutama, na makofi hayapigwi na mkono wenye jiwe, kwa hiyo jiwe akaliweka chini. Mwenye reki akaweka reki. Majembe yakalala moja moja. Mstari wa mbele ukashuka, wa nyuma ukashuka, mpaka mtaa mzima ukawa chini, na makofi yakasikika huku na huku, laini, kama mvua inapoanza juu ya bati.

Nestory alibaki amesimama peke yake na sururu hewani. Alikuwa ameishi miaka ishirini na sita akiyaona makofi yale kama kero ya wazee, na leo yamewashusha watu mia bila hata mmoja kuamrishwa. Aliogopa, jamani, aliogopa kama mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani.

"Kwenu ni wapi, baba?" Mama Coleta alikuwa anauliza.

"Milepa, mama."

"Unaitwa nani?"

"Urbano."

"Mama yupo? Jina lake nani?"

"Yupo. Silvana." Akafuta tope usoni. "Yupo, lakini macho hayaoni tena."

"Pole. Na mahindi, je?"

"Yameliwa na maji, mama."

Mama Coleta akaitikia kila jibu kwa makofi, bila kuruka hata moja. Alipomaliza aligeuza shingo, akamtazama Nestory kutoka kule chini.

"Na wewe, baba? Umeamkaje?"

Salamu ilikuwa inamngoja, na watu wote walikuwa wanamngoja. Akashusha sururu, akailaza kwenye tope. Akachutama, akakutanisha viganja. "Nimeamka salama, mama," akasema, na safari hii alisubiri mpaka akaitikiwa.

"Haya, niinueni," Mama Coleta akasema. "Magoti yamekufa. Sasa twende polisi."

"Polisi?" Mzee Kornel akashangaa. "Nilidhani umemsamehe."

"Nimemsalimia. Nani kakwambia nimemsamehe? Kaiba!"

Wakaenda kwa miguu, Nestory anasukuma pikipiki iliyopinda usukani, Urbano katikati, Mama Coleta nyuma anasalimia kila waliyepishana naye. Kituoni askari aliyekuwa zamu alimkagua Urbano kichwani, mikononi, mgongoni. Akamkagua tena.

"Amekamatwa na wananchi?"

"Ndiyo, afande."

"Mchana huu? Na hakuguswa?" Askari aliweka kalamu chini kwanza, akawatazama wote watatu, kisha akaiokota. "Haya. Jina la mtuhumiwa?"

"Urbano," Nestory akajibu kabla ya mwenyewe. "Wa Milepa. Mtoto wa mama Silvana, yule asiyeona."

Hakuna aliyemtuma kusema hayo ya mama. Yalimtoka tu. Alipoyasikia masikioni mwake, akaiweka mikono yake juu ya kaunta, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma.

Ilikuwa na tope la mtaro tu.